Sarufi ya Stata Mkaidi

Wataalamu wa ndege ndogo wameandika mengi kuhusu mabawa, mengi zaidi kuhusu hali ya hewa, na kuhusu kutua wameandika hadi wino ukawakaukia. Stata wameiachia aya mbili karibu na mwisho wa kitabu cha matengenezo, baada ya betri na kabla ya taa za mabawani. Hilo ni pengo la aibu katika taaluma. Safari zote zinazosifiwa katika vitabu hivyo hazikuanzia angani. Zilianza pale mtu alipogeuza ufunguo, au alipovuta mpini, au aliposhika rafadha kwa mikono miwili akaivuta, na injini ikakubali. Makala haya yanakusudia kuliziba pengo hilo, au walau kulionyesha lilipo ili wengine wasitumbukie.

Kwanza mipaka ya utafiti. Tunashughulika na stata ya ndege nyepesi kuukuu yenye injini moja ya pistoni, hasa zile zilizotoka viwandani Marekani kati ya mwisho wa Vita vya Pili vya Dunia na miaka ya 1970: Cessna za Wichita, Kansas, na Piper za Lock Haven, Pennsylvania, na baadaye za Vero Beach, Florida. Injini zake ni za koo mbili, Continental iliyokulia Muskegon, Michigan, na Lycoming ya Williamsport, Pennsylvania. Ndege za jeti hazimo, kwa sababu mwenye jeti ana mtu aliyeajiriwa kusikiliza malalamiko yake. Nadharia tete yetu ni moja: stata ndiye mshukiwa wa kwanza kukamatwa na, mara nyingi mno, wa mwisho kuwa na hatia.

Nasaba

Babu wa stata zote ni mkono wa binadamu. Piper J-3 Cub, iliyotengenezwa karibu 20,000 hadi kiwanda kilipoiacha mwaka 1947, ilitoka na injini ya Continental A-65 isiyo na stata wala jenereta, na ndege yenyewe haikuwa na betri. Mtu husimama mbele ya rafadha, huweka vidole juu ya panga lake bila kuukunjia ukingo, kisha hulivuta chini huku akirudi nyuma kwa mwendo mmoja. Magneto haimdai mtu umeme, hujizalishia cheche yenyewe, na ndiyo maana njia hii inafanya kazi mpaka leo. Kasoro yake ni ya kimantiki tu: injini inapowaka, aliyeiwasha yuko nje.

Kasoro hiyo ilipata ushahidi wake mkuu tarehe 30 Agosti 1955 katika uwanja wa Bankstown, Sydney. Injini ya ndege aina ya Auster ilizimika ikiwa chini, rubani akashuka kuizungusha rafadha, injini ikawaka, na ndege ikaondoka zake. Ilipaa bila mtu ndani, ikazurura juu ya jiji kwa zaidi ya saa mbili, huku wanajeshi wa anga wakijaribu kuiangusha na kushindwa. Mwishowe ndege mbili za kivita za jeshi la majini, aina ya Sea Fury, ziliitungua ikaanguka baharini karibu na Broken Bay. Wanahistoria wa kijeshi huliweka tukio hilo katika sura za vichekesho. Sisi tunaliweka mahali pake panapostahili, katika sura ya stata, kifungu cha kutokuwepo kwake.

Kati ya mkono na umeme palipita vizazi kadhaa ambavyo tutavitaja haraka. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Mwingereza Bentfield Hucks alibuni gari lililojengwa juu ya Ford Model T, lenye mhimili mrefu uliochomekwa kwenye pua ya rafadha. Dereva aliizungusha injini ya ndege kwa injini ya gari. Baadhi ya ndege za mafunzo za Stearman zilikuwa na gurudumu zito ambalo fundi alilizungusha kwa mpini hadi likapiga mbio, kisha mbio hizo zikahamishiwa kwenye injini. Spitfire Mk II iliwashwa kwa fataki: risasi isiyo na kichwa iliyolipuka ndani ya mtambo wa Coffman na kuisukuma injini kwa gesi yake. Mtambo huo ndio mhusika mkuu wa filamu ya mwaka 1965, The Flight of the Phoenix, ambamo manusura waliokwama Sahara wana risasi saba tu za kuwashia ndege waliyoiunga kutoka kwenye mabaki, na rubani anatumia moja nzima kusafisha silinda huku cheche zimezimwa. Wasomi wa filamu wanadai James Stewart ndiye nyota. Tunawaheshimu, lakini waliangalia pembeni.

Umeme uliingia kwa mlango wa magari. Charles Kettering wa Delco aliunda stata ya umeme iliyowekwa kwenye Cadillac za mwaka 1912, na Vincent Bendix akabuni namna ya gia ndogo kuumana na gia kubwa na kisha kujitoa yenyewe injini ikishika moto. Karibu kila kinachofuata ni maelezo ya chini ya kazi za watu hawa wawili.

Ngeli nne

Mwanasarufi hawezi kujadili nomino kabla ya kuipangia ngeli. Tumefuata njia yake, tukiwa na faida moja juu yake: ngeli zetu ni nne tu.

Ngeli ya kwanza ni ya Isiyopo, nayo tumekwisha kuieleza. Wenye Cub hawana stata ya kuharibika, na watakukumbusha jambo hilo bila kuulizwa.

Ngeli ya pili ni ya Kuvuta. Utaikuta kwenye Cessna 120 na 140, zilizoanza kutoka mwaka 1946 zikiwa na injini ya Continental C-85, na kwenye Cessna 150 za mwanzo zenye O-200. Kwenye dashibodi pana mpini. Ukiuvuta, waya wa chuma huvuta wenzo ulio juu ya stata nyuma ya injini. Wenzo huo kwanza huisukuma gia ndogo iumane na gia kubwa iliyo ndani ya injini, halafu, ukifika mwisho wa safari yake, hubonyeza swichi iliyo mgongoni mwa stata. Meno kwanza, umeme baadaye. Hakuna rilei ya kuungua wala sumaku ya kukwama; misuli ya rubani ndiyo rilei. Tunakiri upendeleo wetu wa wazi kwa ngeli hii. Udhaifu wake uko kwenye klachi ndogo ya upande mmoja, ile inayoiruhusu gia kuzidiwa mbio na injini bila kuivuta stata nzima. Klachi hiyo ikichoka, stata ya Delco-Remy huzunguka vizuri kabisa na rafadha haihisi chochote. Kwa kuwa inafanya kazi ndani ya kasha la gia za injini, vipande vyake vikivunjika haviangukii nje.

Ngeli ya tatu ni ya Bendiksi. Lycoming huweka gia kubwa ya duara mbele kabisa, nyuma tu ya rafadha, yenye meno 122 au 149 kulingana na toleo. Stata imelazwa chini yake, upande mmoja, pua ikitazama mbele. Ukipiga stata, shafti yake huanza kuzunguka kwa ghafla. Gia ndogo iliyopanda juu ya hesi nene hubaki nyuma kwa uzito wake yenyewe, na kwa kubaki nyuma hulazimika kuipanda hesi hadi iumane na ile kubwa. Injini ikiwaka, gia kubwa huizidi mbio ndogo na kuirudisha ilikotoka. Hakuna anayeamuru. Ni uvivu wa kimaumbile uliopewa ajira. Lakini angalia mahali ulipoajiriwa: nyuma ya rafadha, ambako kila chembe ya vumbi la uwanja wa murami hupita. Cessna 172 za kuanzia mwaka 1968 ziko ngeli hii, na Piper Cherokee, na Super Cub zilizofanya doria ya wanyamapori Kenya kwa miongo. Vumbi likigandana na grisi kwenye hesi, gia ndogo hupoteza hamu ya kupanda.

Ngeli ya nne ni ya Iliyojificha, na hapa mtafiti huvua miwani akaifuta. Katika Continental kubwa za silinda sita, stata haigusi gia yoyote ya rafadha. Inazungusha shafti ya mzunguko wa parafujo, parafujo inazungusha gurudumu lenye meno, na gurudumu hilo limeunganishwa na shafti ya pili kwa njia ya springi nene iliyoviringishwa kuizunguka. Stata ikianza, springi hujikaza na kuikaba shafti. Injini ikiwaka na kwenda mbio kuliko stata, springi hulegea na kuiachia. Kifaa hiki kizima, ambacho wenye ndege hukiita adapta, hulowa mafuta yaleyale ya injini. Kwa miaka mingi springi huusaga uso wa shafti, kipenyo cha shafti hupungua, na mkabo hulegea. Siku moja rubani anapiga stata, anasikia mlio mwembamba, rafadha imetulia. Anajaribu tena, inakamata. Anafurahi. Wakati huohuo chembe za chuma kilichosagwa zinaanza safari yao katika mafuta, kuelekea kwenye chujio au mahali pengine.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaijua ngeli ya nne hata kama hajawahi kuiona, kwa sababu Cessna 206 iliyobeba wagonjwa, wamisionari, watalii na kreti za chanjo kwa miaka mingi ilikuwa na Continental ya namna hii, IO-520. Ndege hiyo ina mazoea mabaya ya kukataa kuwaka ikiwa moto. Rubani anatua saa saba mchana kwenye kiwanja kisicho na mti, anashusha mizigo kwa nusu saa, joto la injini linayageuza mafuta yaliyo kwenye mirija kuwa mvuke, na injini inapozungushwa inakunywa hewa. Anapiga stata tena na tena. Waundaji wa stata hushauri ipigwe kwa sekunde kumi hivi, kisha ipumzike. Ushauri huo uliandikwa mahali penye kivuli. Stata inayoungua hapo haikufa kwa uzee wala kwa ubovu wake. Imeuawa na mvuke, na aliyeshika silaha ni mtu mwingine.

Tanakali za sauti kama njia ya uchunguzi

Hakuna rubani anayempelekea fundi vipimo. Anampelekea sauti. Anasimama mlangoni mwa hanga, anapanua mikono, anasema, “Fundi, inafanya hivi,” kisha anatoa mlio kwa kinywa. Isimu ya Kiswahili ina jina la milio hiyo, tanakali za sauti, na tunashangaa hakuna mwanaisimu aliyewahi kukanyaga hangani kukusanya data. Tumejaribu kuziba pengo hilo pia.

Ya kwanza ni kimya. Ufunguo umegeuzwa, hakuna kitu. Kimya kina maana nyingi: betri imekufa, rilei kuu haijashika, swichi ya ufunguo imechoka, au waya mwembamba umechomoka. Stata yenyewe haijaambiwa lolote, hivyo haiwezi kulaumiwa kwa kutojibu. Hata hivyo, katika ngeli ya tatu na ya nne, kimya ndicho kinachouza stata mpya kuliko mlio wowote.

Ya pili ni “tk.” Mara moja, kavu. Rilei imepokea amri na kufunga, kama karani aliyeipiga barua muhuri bila kuisoma, na umeme mwingi haukupita nyuma yake. Nyuso za shaba ndani ya rilei zimeungua, au ungio limeshika kutu, au brashi moja ndani ya stata imekwama isiguse inapopaswa kugusa. Kuna mafundi wanaoipiga stata kigongo kidogo kwa mpini wa bisibisi katika hali hii, na ikazunguka. Wanadhani wameitengeneza. Wamethibitisha tu kwamba brashi zimekwisha.

Ya tatu ni “tk-tk-tk-tk-tk.” Uradidi huu si wa kusisitiza, ni wa umaskini. Betri ina nguvu ya kuvuta rilei lakini haina nguvu ya kuzungusha injini. Rilei inashika, volti zinaanguka, rilei inaachia, volti zinapanda, inashika tena. Hapa utafiti wetu unakubaliana na mawazo ya kila mtu: chaji betri.

Ya nne ni “uuu... uu... u.” Rafadha inazunguka kwa shida, inafika kwenye mkandamizo wa silinda, inasimama, inafikiri. Hii ndiyo tanakali iliyowagawa wasomi, na ndiyo tutakayokaa nayo.

Maelezo ya watu wengi ni kwamba stata imezeeka. Inawezekana. Lakini stata ya ndege ndogo inahitaji ampea mia mbili na zaidi wakati wa kuanza, na kwa mkondo mkubwa kiasi hicho kila ungio baya linakula sehemu yake. Chukua Piper Cherokee. Katika nyingi kati yao betri iko chini ya kiti cha nyuma, na kiwandani waliivutia waya mrefu wa alumini kwenda mbele, kwa kuwa alumini ni nyepesi. Alumini ni waya mzuri hadi pale inapokutana na metali nyingine kwenye ungio. Hapo, baada ya miaka thelathini au arobaini ya unyevu, hutokea unga mweupe ambao jicho halioni mpaka ungio lifunguliwe. Wapo wenye Cherokee waliobadilisha stata mara mbili, kisha siku moja wakaweka waya wa shaba kwa kibali kinachostahili, na stata ya tatu ikazunguka kwa namna ambayo ya kwanza ingezunguka.

Kisha kuna njia ya kurudi. Umeme ukishapita kwenye stata lazima urudi kwenye betri, na unarudi kupitia ganda la injini. Injini lakini imeegemezwa juu ya mipira ili mtetemo wake usivunje ndege, na mpira haupitishi umeme. Kwa hiyo kiwandani huweka mshipi wa nyaya zilizosukwa kutoka kwenye injini hadi kwenye mwili wa ndege. Mshipi huo unachakaa, unakatika uzi mmoja mmoja, au fundi anasahau kuurudisha baada ya kazi nyingine. Umeme haukati tamaa. Unatafuta njia nyingine ya chuma kati ya injini na mwili, nayo inapatikana: kebo ya throto, kebo ya mchanganyiko, bomba la mafuta ya kuwashia. Stata inazunguka polepole kwa kuwa inapumua kupitia kebo ya throto. Rubani akigusa kebo hiyo baada ya majaribio kadhaa anaikuta ya moto, na hapo anapata ufafanuzi mzuri wa umeme kuliko ule wa shuleni. Tunaiita hali hii “stata ya kusingiziwa,” na katika uzani wetu ndiyo kosa kubwa kuliko yote katika fani hii.

Ya tano ni “viiii!” Stata inapiga mbio, rafadha imekaa. Katika ngeli ya pili ni klachi. Katika ya tatu ni gia ndogo iliyokwama kwenye hesi chafu. Katika ya nne ni springi isiyokaba. Mlio ni mmoja, tiba ni tatu, na gharama ni tofauti kama mbingu na ardhi, ndiyo maana anayenunua kifaa kabla ya kujua ngeli anastahili kinachompata.

Ya sita ni “krrrra!” Meno juu ya meno. Gia kubwa ya Lycoming imepoteza meno mahali pamoja, kwa kuwa injini hupenda kusimama karibu na mahali palepale kila mara. Kuizungusha rafadha kidogo kwa mkono, kwa tahadhari zote za magneto, huficha tatizo kwa muda.

Ya saba ni “paa!” Hii si ya stata, ni ya cheche. Lycoming nyingi huwasha cheche nyuzi 25 kabla ya pistoni kufika juu, jambo zuri injini ikiwa na mbio na baya ikiwa inaanza. Kwa hiyo magneto ya kushoto hupewa kifaa chenye springi kinachochelewesha cheche wakati wa kuwasha na kuipa magneto msukumo wa ghafla. Magneto ya kulia, katika injini nyingi, haina kifaa hicho, hivyo swichi ya ufunguo huizima rubani anapokuwa kwenye alama ya kuwasha. Kazi hiyo inafanywa na kipande kidogo cha chuma nyuma ya swichi. Mtu akibadilisha swichi akaona kipande hicho hakina maana, akakiacha mezani, magneto ya kulia inabaki hai. Cheche inatoka mapema, pistoni inarudishwa chini kabla ya wakati, na injini inairudishia stata teke. Ganda la alumini la pua ya stata linapasuka. Mwenye ndege ananunua stata mpya, anaifunga, na kwa uaminifu mkubwa anapasua na hiyo.

Ya nane hutokea baada ya injini kuwaka, “iiiii” isiyokwisha. Rilei imejiunga yenyewe kwa joto na stata haijaachia. Zima injini. Hapa hatuna utani.

Juu ya meza

Ikitokea stata ina hatia kweli, hufunguliwa. Prestolite ya zamani, ile ya ngeli ya tatu, ina uzito wa kilo saba hadi nane, na fundi huijua kwa mkono kabla ya kuiona kwa sababu nati moja kati ya zile zinazoishika kwenye injini imejificha mahali ambapo spana ya kawaida haigeuki. Kila hanga ya zamani ina spana iliyokatwa na kuchomelewa kwa ajili ya nati hiyo. Tunapendekeza ihifadhiwe katika makumbusho.

Kwenye meza, bolti mbili ndefu zinatolewa na kofia ya nyuma inavutwa. Vumbi jeusi la kaboni linamwagika. Brashi zinakaguliwa kwa urefu, springi zake kwa nguvu. Kisha kinachozungumza ni pete ya vipande vya shaba ambayo brashi huteleza juu yake. Ikiwa ya hudhurungi, laini, inayong'aa, ina afya. Ikiwa na vipande viwili vilivyoungua vyeusi na vingine vizima, waya ndani umekatika, na kupiga msasa ni kuupaka rangi ukuta ulioanguka. Baada ya hapo fundi anaangalia mwili wa kiini chenyewe: kama una mstari unaong'aa upande mmoja, buchi zimelika na kiini kimekuwa kikisugua sumaku zinazokizunguka. Hicho ndicho kinachotoa “uuu... uu... u” halali, isiyo ya kusingiziwa. Buchi mpya, brashi mpya, pete kusawazishwa kwenye lathe, na mzee huyu anarudi kazini. Gia ndogo na hesi yake husafishwa kwa mafuta mepesi hadi chuma kionekane, kisha hupuliziwa silikoni kavu. Fundi wa magari atatamani kupaka grisi. Mzuie kwa upole.

Madhehebu

Kuhusu nini kifanyike baada ya hukumu, wenye ndege wamegawanyika. Wahafidhina wanakarabati cha zamani: wanasema Prestolite na Delco zinafunguka, zinarekebishika, na kila kipande chake kinaonekana. Wapunguza-uzito wanafunga stata mpya nyepesi, za Sky-Tec au B&C, zenye nusu ya uzito ule na nguvu ya kuizungusha rafadha hadi unashangaa. Tunakubaliana na wapunguza-uzito katika ngeli ya tatu, bila kusita. Katika ya pili tunakuwa wahafidhina mpaka klachi itakapokufa. Katika ya nne hatumo dhehebu lolote, kwa sababu tatizo huwa adapta: shafti husagwa upya, springi yenye kipenyo kidogo zaidi huwekwa, na stata yoyote utakayoiweka baada ya hapo itaonekana ya ajabu. Tahadhari moja: stata ambayo ni nzito kuzungushwa na injini inaweza kuinyima springi nafasi ya kulegea, na hapo adapta iliyokarabatiwa huliwa upya.

Wote, mhafidhina na mpunguza-uzito, hukutana na sheria. Kanuni za FAA, Sehemu ya 43, zinamruhusu rubani mwenye ndege abadilishe plagi, ahudumie betri, abadilishe matairi. Stata haimo kwenye orodha hiyo. Anaweza kuishika spana chini ya usimamizi wa fundi mwenye leseni, ambaye ndiye husaini kitabu cha kumbukumbu. Kifaa lazima kiwe kimeidhinishwa kwa injini hiyo, na kilo tatu au nne zilizotolewa puani lazima ziandikwe kwenye hesabu ya uzito na mlingano, maana ndege haisahau kilichotolewa puani mwake. Usitupe stata ya zamani pia. Wauzaji wa zilizokarabatiwa hudai mzoga wake urudishwe, la sivyo unalipia zaidi.

Lakini kabla ya kuagiza chochote, fanya hivi. Zima magneto, funga mafuta, zuia magurudumu, hakikisha hakuna mtu karibu na rafadha. Chukua voltimita, gusisha ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri na nyingine kwenye ganda la injini, kisha mwenzako apige stata kwa sekunde chache. Sindano ikipita nusu volti, stata yako haina kosa lolote. Kasafishe mshipi wa bodi.